Kuku wa Ushuzi

Siku hizi nawaona wanawake wa mjini wamebeba mikeka ya plastiki begani, wanakwenda yoga, na wanaitaja kana kwamba imevumbuliwa jana. Mimi nilifanya yoga Homa Bay miaka ya tisini, juu ya mkeka wa mafunjo, nikiwa nimejifunga leso mbili na hofu. Wala sikuitafuta. Nilipelekwa, kama bibi harusi anavyopelekwa kila mahali.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa karibuni. Kwetu ni Migori, mjini kabisa, nyuma ya soko ambako mama yangu aliuza nyanya. Na kwa kuwa Waluo humwita mke kwa jina la alikotoka, hakuna mtu pale Homa Bay aliyejisumbua kujua nilibatizwa nani. Nilikuwa Nyar Migori, binti wa Migori, basi. Nikiunguza ugali, Migori ndiyo imeunguza. Nikichelewa kurudi na maji kutoka ziwani, Migori nzima imechelewa. Mume wangu alikuwa fundi wa umeme huko Kisumu na bingwa wa kutokuwepo, kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa hasa na mama yake.

Mama mkwe hakuwa mkatili. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, jambo linalokaribiana na hilo. Wageni wakimuuliza habari za mke wa mwanawe, alijibu kwa maneno mawili tu: "Bado tunamtazama." Alisema hivyo nikiwa nimesimama palepale na sinia la chai. Maana ya kutazamwa ni kwamba nilipika jikoni mwake, kwa sufuria zake, kwenye mafiga yake. Mke mgeni hana jiko lake mpaka mama mkwe aridhike naye na kumwekea mawe matatu. Yule aliyeolewa boma la jirani baada yangu alikuwa tayari anapuliza moto wake mwenyewe, na kila jioni moshi wake ulipita juu ya ua kuja kunisalimia. Niliyataka yale mawe matatu kuliko nilivyotaka mume arudi.

Mgongo wa mama mkwe ndio ulioniponza. Kwa miaka mingi alikuwa amebeba magunia ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sindo kuja kuuza soko la Homa Bay, na mgongo ukafika mahali ukagoma. Hospitali walimpa vidonge wakamwambia apumzike, ushauri ambao daktari humpa mwanamke wa Kiluo akijua fika kwamba hautafuatwa. Ndipo akasikia kwamba katika ukumbi wa kanisa kuna mama wa kizungu, mfanyakazi wa kujitolea katika mradi wa maji, anayefundisha watu kujinyoosha kila Jumanne alasiri. Mama mmoja wa Kiislamu aliyetoka pwani, mwenye duka la viungo pale mjini, alikuwa amekwenda mara chache tu na sasa aliweza kuchutama na kuinuka bila kumtaja Mungu. Mama mkwe akaamua. Shida ilikuwa moja: yule mzungu alijua Kiswahili cha kuombea maji ya kunywa tu.

"Nyar Migori amesoma," alisema mama mkwe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutaja kisomo changu bila kukunja uso. "Yeye atatuambia mzungu anasema nini."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkalimani wa yoga, pengine wa kwanza kusini mwa Nyanza.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu ukishajua la kuacha. Mwalimu akisema tupeleke pumzi mpaka kwenye nyonga, mimi nilisema, "Anasema mpumue." Akisema tuwe mlima, usiotikisika, uliojaa mwanga, nilisema, "Simameni." Akisema tuushukuru mwili wetu kwa yote uliyotubebea, nilisema, "Anasema asante," na akina mama wakaitikia kwa pamoja kwamba hakuna shida. Alikuja na redio ya kaseti iliyotoa sauti ya mawimbi ili tutulie. Ziwa lenyewe lilikuwa pale chini, mwendo wa kutupa jiwe, likipiga mawimbi bila betri. Hakuna aliyemwambia. Mgeni huachiwa furaha yake.

Mama mkwe alihudhuria akiwa amevaa gauni la kanisa, na chini yake suruali ya michezo ya mwanawe wa sekondari, yenye mistari miwili ubavuni. Alilaza mkeka wake sambamba na wangu, ili asikose neno. Baada ya wiki chache alianza kulala usiku bila kugeuka na kuguna, nami nikaanza kufikiri kwamba mafiga yangu yako njiani.

Sasa nije kwenye tumbo.

Katika jiko la mama mkwe asubuhi ilikuwa nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mchana ilikuwa yale yale yaliyobaki, na maziwa ya mgando. Mke anayetazamwa hasemi "nimeshiba," na hasemi "hii hainikubali." Anasema asante na kumaliza sahani. Tumbo langu ni bovu tangu utoto, na kufikia alasiri lilikuwa sufuria ya maharagwe kweli, kifuniko kikicheza. Na yoga, kwa jinsi nilivyoiona, ni elimu iliyobuniwa na watu waliotaka kujua umekula nini. Inakukunja, inakukamua, inakusokota kama nguo inayotaka kuanikwa, halafu inakwambia ulegee. Mwanamke mwenye maharagwe tumboni na mama mkwe ubavuni anaambiwa alegee!

Kujamba mbele ya mama mkwe, katika boma lile, halikuwa jambo la kucheka na kupepea leso. Shangazi wa mume wangu, mtunza desturi wa ukoo ambaye hakuna aliyemteua, alinieleza katika wiki ya kwanza. Mke akivunja heshima namna hiyo hurudishwa kwao, na harudi mikono mitupu. Anarudi na kuku. Desturi za pale zilikuwa na jibu la kila tatizo, na jibu lilikuwa kuku. Kibaya zaidi, huyo mke angekumbukwa kwa jambo hilo mpaka azeeke, na hakuna mama mkwe anayeharakisha kumwekea mafiga mtu wa sifa kama hiyo.

Kwa hiyo nilibana. Nilikohoa palipohitajika kukohoa. Nilipohisi hatari kubwa, nilifasiri kwa sauti ya juu, hata kama mwalimu alikuwa hajasema kitu. "Nyoosheni mikono! Zaidi! Bado zaidi!" Darasa zima lilidhani nina bidii. Mwalimu mwenyewe alinitazama kwa mshangao, kisha akanyoosha mikono.

Aliyenigundua ni yule mama wa viungo. Siku moja tukitoka alinishika kiwiko.

"Mwanangu," akasema, "mbona wewe wafasiri hata kimya?"

Nikaangalia chini.

"Tumbo hilo. Chemsha tangawizi na binzari nyembamba, unywe asubuhi kabla ya kitu chochote. Na uache kubana. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Nikanywa tangawizi yake kwa siri, nikijificha nyuma ya choo kama mlevi. Ilinisaidia, hilo silikatai.

Basi mzee mmoja wa kanisa akasikia kwamba katika ukumbi wao watu wanafunga macho bila kuomba. Miaka ile kila jambo geni lilishukiwa kuwa la shetani mpaka lithibitishe vinginevyo. Akamwambia mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba Jumanne atakuja kukaa na kutazama. Mama mkwe alirudi nyumbani amekaza midomo. Yeye ndiye aliyewaleta nusu ya akina mama wa kanisa kwenye mikeka ile.

Wiki iliyotangulia mwalimu alikuwa amesema tuje na tumbo jepesi. Nililifasiri neno hilo, lakini nilipofika upande wa mama mkwe nilishusha sauti. Mimi ni nani nimwambie mwenye jiko asile? Jumanne hiyo alikula bakuli zima la nyoyo, akashushia na maziwa ya mgando, ili awe na nguvu mbele ya mzee. Mimi nilisema nina mafua nikanusurika na kikombe cha tangawizi. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, tumbo langu lilikuwa shwari.

Mzee alikaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia juu ya goti moja na Biblia juu ya jingine. Tukasimama kama milima, tukainama, tukainuka. Yeye alitikisa kichwa polepole, hakuona sanamu popote. Kisha mwalimu akatuambia tulale chali, tuvute magoti mawili mpaka kifuani, tuyakumbatie kwa nguvu. Akaeleza, huku akitabasamu, kwamba hili ni zoezi la kutoa upepo uliokwama tumboni, na kwamba ukimtoka mtu asione haya, ni afya.

Nikafungua mdomo. Mama mkwe alikuwa amenigeuzia sikio. Mzee naye alikuwa ameinama mbele asikie. Nilikuwa na lugha tatu kichwani, na katika zote tatu hakuna neno la upepo ule ambalo mke analitamka mbele ya mama wa mumewe.

"Anasema hii ni nzuri kwa mgongo," nikasema.

Mama mkwe aliposikia mgongo aliyakumbatia magoti yake kwa mikono iliyobeba magunia ya Sindo. Na hapo hapo betri za redio zikaisha. Mawimbi yakakatika. Ukumbi ukawa kimya kiasi cha kusikia mabati yakipata joto, na wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Haukuwa ushuzi mdogo. Ulianza kwa unyonge, kama mlango wenye bawaba kavu unaofunguliwa taratibu, ukapata ujasiri katikati, ukamalizikia juu kama mtu anayeuliza swali. Hakuna aliyejibu. Akina mama wote walitazama dari kana kwamba limeandikwa kitu. Mzee wa kanisa alikohoa, akafungua Biblia mahali popote.

Mikeka yetu ilikuwa imegusana, mimi na mama mkwe. Ungeweza kutoka kwake, ungeweza kutoka kwangu. Niligeuza uso nikamwona. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, mikono bado imeshika magoti, na kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Huyu ni mwanamke niliyewahi kumwona akimfokea mwenye mashua mpaka mtu mzima akavua kofia. Nilimhurumia. Nilimhurumia mpaka nikasahau kumwogopa.

"Ni mimi," nikasema. "Mnisamehe."

Nikamfasiria na mwalimu, maana kazi ni kazi. Mwalimu akapiga makofi akanipongeza.

Nilikuwa mjinga kiasi cha kungoja shukrani. Labda jicho tu, labda mguso wa mkono. Mama mkwe aliketi, akashusha gauni lake juu ya ile mistari miwili, akamtazama mzee, kisha akanitazama mimi.

"Nyar Migori! Wewe huna haya? Toka nje!"

Nikatoka. Nilipopita karibu na mama wa viungo, niliona hanitazami mimi. Alikuwa anautazama mkeka wa mama mkwe.

Jioni ile shangazi alifika kabla jua halijatua, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyengoja mvua. Alikaa katikati ya ua akatoa hukumu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, alisema, na ni wazi huko Migori hakuna mama aliyefunza mtu. Niende kwetu nirudi na kuku. Hilo la mama yangu ndilo lililonichoma. Mama mkwe alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, akichambua omena kwenye ungo, akitoa changarawe moja moja. Hakuinua kichwa. Nilimkasirikia mpaka meno yakaniuma, na maneno mawili tu yangetosha kuniokoa: si yeye. Hakuyasema, nami sikuyasema.

Mama yangu nilimkuta kwenye kibanda chake, anapangusa nyanya kwa kitambaa.

"Umekuja bila kutuma salamu," akasema. "Kuna nini?"

"Nimetumwa kuku."

"Kuku ya nini?"

Nikamweleza. Hakuacha kupangusa.

"Wewe uko na tumbo mbaya, hiyo najua, nimekuzaa," alisema mwishowe. "Lakini hujawahi jamba mbele ya watu. Kwa matanga ya babu yako ulibana mpaka ukatoa machozi, watu wakasema huyu mtoto alimpenda babu sana. Sasa niambie. Hii ilikuwa ya nani?"

Nilichukua kitambaa kingine nikaanza kupangusa nyanya naye.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Tulipofika nyumbani hakukamata kuku. Alikamata jogoo wake mkubwa mwekundu, yule aliyekuwa akiwatawala majogoo wa mtaa mzima, akamfunga miguu kwa utepe wa khanga kuukuu.

"Mpelekee huyu. Akikula, atajua ni nini anakula."

Shangazi alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akampima uzito, akatangaza kwamba jambo limekwisha. Kilichobaki ni mama mkwe kumchinja jioni hiyo. Mama mkwe akasema, kesho. Kesho yake akasema anakwenda mkutano wa kanisa. Siku iliyofuata kisu hakikuwa kikali. Shangazi akachoka kungoja mchuzi akarudi kwake, na jogoo akafunguliwa miguu.

Naye hakuwa jogoo wa kukaa kimya. Kila alfajiri, kabla hata ya adhana ya msikiti wa mjini, alipanda jiwe la kunolea visu chini ya dirisha la mama mkwe akatoa taarifa. Mama mkwe alimtupia kandambili. Alimtupia na kopo. Lakini hakumchinja, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikimtupia mtama pale pale chini ya dirisha ili asihame.

Yule mzee wa kanisa alikuwa ametoa ripoti yake. Hakuona shetani ukumbini, aliona Migori tu, na kwa hiyo darasa liendelee. Liliendelea bila sisi. Mama mkwe hakwenda tena, na mgongo ukarudi kuwa ule wa zamani. Alitembea ameshika kiuno, usiku nikamsikia akigeuka na kuguna. Machoni hakunitazama. Ila niligundua jambo moja: mgeni akiuliza habari zangu, hakusema tena "bado tunamtazama." Alisema mvua imechelewa mwaka huu.

Halafu Jumanne moja nikiwa naosha vyombo, nikaona ile mistari miwili imesimama mbele yangu.

"Twende," akasema.

Ukumbini walitupisha mahali petu pa zamani. Mzee wa kanisa alikuwa kwenye benchi lake. Sasa alikuja kila wiki, kulinda, alivyosema, ingawa viatu alikuwa amevua. Redio ilikuwa na betri mpya na mawimbi yalikuwa tele. Mwalimu alitufurahia, akatupitisha kwenye milima na miinamo yake, kisha tukalala chali. Magoti mawili, kifuani, kumbatia. Akarudia yale maelezo yake ya upepo, neno kwa neno, na tabasamu lile lile. Nikavuta pumzi niseme ya mgongo.

Mama mkwe hakuningoja. Alivuta magoti. Na huu wa pili ulikuwa mdogo, wa adabu kabisa, wenye kujiheshimu. Mawimbi yangeweza kuumeza. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari nimefungua mdomo nipige kelele za kunyoosha mikono.

Akainua mkono wake juu, kama mtu anayeomba nafasi mkutanoni.

"Zimeni hiyo redio."

Mtu akaizima.

"Hii ni yangu," alisema, akiwa bado chali, akiongea na mabati. "Na ile ingine pia ilikuwa yangu. Huyu msichana alinibebea. Na mimi nikamwacha abebe mpaka Migori."

Katika darasa la kupumua, hakuna aliyepumua. Mzee wa kanisa alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Mama wa viungo alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimcheza. Mwalimu alituangalia mmoja baada ya mwingine, akitabasamu bila kuelewa.

Mama mkwe akageuza kichwa kwenye mkeka, akanitazama machoni.

"Nyar Migori," akasema. "Mwambie mwalimu."

Nikamwambia. Siku hiyo sikuruka neno hata moja.

Jumamosi alikuja mlangoni pangu akiviringisha jiwe kwa mguu, na alikataa kusaidiwa mpaka yakafika yote matatu. Yule jogoo nilimpika hapo. Alikuwa mgumu ajabu, tukamtafuna mimi na yeye tangu adhuhuri mpaka jua likalegea, na shangazi tukamwekea shingo.